Ua wa Kambi na Adui Asiyebisha Hodi

Kiangazi kinapokomaa, kati ya mwezi wa Juni na mwanzo wa Septemba, mtu apitaye mbele ya nyumba za askari, iwe Gitega au iwe Muyinga, huona jambo ambalo aghalabu halimshughulishi. Ua wa minyaa uliokuwa kijani kitupu unaanza kuota weupe kwenye maungio ya vijiti vyake, kana kwamba mtu amepita akibandika vipande vidogo vya pamba. Mishubiri iliyopangwa kuzunguka mlingoti wa bendera imejikunja majani, na shinani mwake sisimizi wanapanda na kushuka kwa mstari. Askari wa zamu hupita hapo mara nyingi kwa siku. Huangalia lango, huangalia barabara, huangalia nyuso za wapitao. Weupe ule hauoni, na akiuona husema ni vumbi.

Sisi tunasema si vumbi. Ni wadudu, tena wadudu wenye desturi zao, njia zao za kusafiri na walinzi wao; na tunadai kwamba kuwashughulikia ni kazi ya askari na polisi mwenyewe anayekaa nyuma ya ua huo. Si kazi ya kumngojea bwana shamba, wala si kazi ya kumalizwa kwa pampu ya sumu. Tunajua wako watakaocheka na kuuliza: je, katika nchi yenye mambo mazito kama yetu, gazeti limekosa la kuandika hata liandike habari za maua? Tunawaomba hao wawe na subira mpaka tufike Madagaska.

Kwanza tuelewane juu ya mimea yenyewe. Tunazungumzia ile mimea inayoweka akiba ya maji mwilini mwake, katika majani manene au katika shina. Mnyaa, ambao Warundi huuita umunyari, ndio ua wa maskini na wa tajiri pia: kijiti kimoja kikichomekwa ardhini huota, ng'ombe haugusi, na wala hauhitaji waya wala misumari. Mshubiri tunaupanda kwa dawa na kwa urembo. Mpungate wenye miiba huwekwa pale ambapo hatutaki mtu apite. Mkonge kila mtu anaujua. Mimea hii yote ni ghala, na adui zake wengi ni wale wanaotoboa ghala hilo kimyakimya na kunywa kilichomo.

Mkubwa wao ni kidung'ata. Ukiufuta ule weupe kwa kidole utamwona chini yake mdudu laini, mfupi, wa rangi ya njano au ya waridi, ambaye hata huwezi kumdhania kuwa yu hai. Jike hana mabawa na hutembea kwa shida. Lakini hutaga mayai kwa mamia ndani ya mfuko unaofanana na pamba, na watoto wake wanapoanguliwa huwa wadogo kiasi cha kuchukuliwa na upepo au kushika nguo ya mtu aliyeuegemea ua. Mwenzake ni kidugamba, ambaye hujifunika gamba gumu kama ngao na kujibandika kwenye shina pasipo kuondoka tena. Wote wawili huingiza mrija ndani ya mmea na kufyonza, na kile wasichokihitaji hukitoa nyuma kama maji matamu yanayonata. Juu ya utamu huo huota ukungu mweusi kama masizi, nao huzuia mwanga wa jua usilifikie jani. Hapo mmea unashambuliwa pande mbili.

Na hapa ndipo tunapotaka askari atazame kwa jicho la kazi yake. Wale sisimizi hawapandi bure. Wanafuata yale maji matamu, na kwa ajili hiyo huwalinda vidung'ata kama mfugaji alindavyo ng'ombe wake: huwafukuza wadudu wengine wanaokuja kuwala, na pengine huwabeba na kuwahamishia kwenye chipukizi jipya. Mwenye kuwashambulia vidung'ata huku akiwaacha sisimizi na njia zao amevamia kambi huku akiwaacha walinzi wake langoni.

Sasa tufike Madagaska. Katika karne ya 18 Wafaransa waliokuwa na ngome huko kusini mwa kisiwa, mahali paitwapo Fort-Dauphin, walileta mpungate na kuupanda kuizunguka ngome hiyo iwe ulinzi. Mmea ukapenda ardhi ile kavu, ukatambaa mpaka nchi ya Waantandroy. Watu wakaupokea, wakauita raketa, wakaufanya wao: ukawa ua wa vijiji na mazizi, matunda yake yakawa chakula wakati wa njaa, na majani yake, yakisha kuchomwa miiba, yakawa malisho na maji ya ng'ombe. Wafaransa waliporudi mwishoni mwa karne ya 19 kuitawala Madagaska yote, wanajeshi wao walikuta kule kusini maboma ya miiba ambayo hayakupitika ila kwa taabu kubwa. Silaha iliyopandwa na ngome imekuwa ngome ya watu wengine.

Mwaka 1924 kikaletwa kisiwani humo kijidudu cha jamii ya karibu sana na vidung'ata wetu, kiitwacho kochinili, ambacho hula mpungate. Wanahistoria wanabishana hata leo ni nani hasa aliyekusudia nini. Lakini matokeo hayana ubishi. Katika muda wa miaka michache tu, kabla ya 1930, maboma ya raketa ya nchi nzima ya Waantandroy yaliyeyuka na kuoza. Ng'ombe wakafa kwa kukosa malisho na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 njaa ikaingia, watu wakafa, na maelfu wakahama kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mbali. Mdudu anayeonekana kama punje ya pamba aliangusha ua, akaangusha zizi, akaangusha chakula, na hakukupigwa risasi hata moja. Basi anayecheka habari za maua na acheke, lakini ajue anachokicheka.

Hatusemi kwamba ua wa Gitega utaangamia vivyo hivyo kesho. Mpungate wa Madagaska ulikuwa mmea wa namna moja uliotegemewa kwa kila kitu, na mdudu aliyeletwa alikuwa amechaguliwa na maumbile kwa ajili yake. Wala kochinili mwenyewe hana ubaya wa asili: katika kaunti ya Laikipia nchini Kenya, ambako mpungate umekuwa gugu linalojeruhi mifugo na tembo, wataalamu wameachilia mdudu wa jamii hiyo kwa makusudi, naye anausafisha. Tunachosema ni kwamba mdudu wa namna hii hana miguu ya kwenda mbali. Mahali popote anapotokea ghafula, ujue kuna mtu aliyempeleka.

Na sisi ndio watu wenyewe. Watumishi wachache katika nchi hii huhamahama kama askari na polisi. Leo mtu yuko Gitega, mwakani amepelekwa Muyinga. Na mama wa nyumba, akiona mshubiri wake umependeza, hukata vichipukizi vitatu, akavifunga katika gazeti, hili pengine, akaviweka juu ya mizigo ndani ya lori. Barabara ya Karusi inamalizwa kwa saa chache. Kidung'ata angeitembea barabara hiyo maisha yake yote na ya wajukuu wake asiimalize. Ndani ya lori anafika kabla ya chakula cha jioni, tena amekaa katika mkunjo wa jani, penye kivuli na unyevu. Hatumkatazi mama huyo kuchukua mmea wake. Tunamwomba afungue kila mkunjo, atazame chini ya kila jani, na kule aendako auweke mmea huo peke yake kando, mbali na mingine, kwa muda wa wiki tatu au nne. Vipando vya mimea hii havidhuriki kwa kucheleweshwa. Kwa kweli hupona vizuri zaidi vikiachwa kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, kuliko kuchomekwa udongoni vikiwa vibichi. Askari hahitaji kufundishwa maana ya kumweka mgeni mahali pa kungojea hadi ajulikane.

Tuje kwenye sumu, maana hapa ndipo tunapoona makosa makubwa. Tuliwahi kupita katika kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, tukamkuta kijana amevua shati kwa sababu ya joto, amebeba pampu mgongoni, anapulizia ua wa minyaa saa sita mchana. Kopo la dawa halikuwa na maandishi. Alikuwa amepimiwa na mfanyabiashara sokoni. Upande wa pili wa ua watoto walikuwa wakicheza, na kamba ya nguo ilikuwa imejaa nguo. Tulipomuuliza dawa ile ni ya nini, alijibu kuwa ni ya kuua kila kitu. Jibu hilo lilikuwa la kweli kuliko alivyodhani.

Kwanza, nta inayomfunika kidung'ata na gamba linalomfunika kidugamba huteleza maji ya dawa, hata wadudu wengi husalia wakiwa salama chini ya ngao zao. Pili, wanaokufa bila shaka ni wale wadudu wanaotusaidia, ambao hawana ngao. Kwa hiyo baada ya wiki chache vidung'ata hurudi wakiwa wengi kuliko awali, maana hakuna tena wa kuwala. Tatu, dawa nyingi za mafuta huunguza ngozi ya mimea hii, hasa zikipulizwa juani. Tena dawa zilizosifiwa sana zamani, kama vile aldrin na dieldrin, zilionekana baadaye kukaa ardhini na katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi, hata mataifa yakakubaliana katika Mkataba wa Stockholm wa 2001 kuziondoa. Kopo lisilo na maandishi halikuambii kama ndani yake mna mojawapo.

Na maji yanapita. Mvua ya kwanza ya Septemba huosha kilichopuliziwa kiangazi. Mito ya Gitega, Ruvyironza ikiwamo, huingia Ruvubu, na Ruvubu hushuka kuelekea kaskazini mashariki ikipita upande wa Muyinga kabla ya kuondoka nchini na kwenda kuchangia maji ya Nile. Anayemwaga masalio ya pampu yake katika mtaro wa Gitega amemtumia zawadi mwenzake wa Muyinga anayechota maji au kuvua samaki. Hata dawa za kienyeji zina hatari hii. Majani ya utupa yaliyotwangwa huua wadudu, ni kweli, lakini ndiyo hayohayo wazee walikuwa wakilevyea samaki. Maji ya tumbaku nayo ni sumu kwa mtu anayeyashika kwa mikono mitupu. Kwamba kitu kimetoka porini haimaanishi kwamba ni cha upole.

Basi afanye nini? Kwa mimea michache ya mbele ya ofisi jibu ni dogo hata linachekesha: pamba na spiriti ya zahanati. Chovya, gusa kila kidoti cheupe, mdudu hufa hapo hapo kwa sababu spiriti huyeyusha nta yake. Kwa mimea mingi, maji kwanza. Maji yenye nguvu kidogo, yakielekezwa kwenye maungio asubuhi, huangusha sehemu kubwa ya vidung'ata, nao wakianguka wengi wao hawawezi kupanda tena. Mvua hufanya kazi hiyohiyo, na ndiyo maana wadudu hawa husumbua kiangazi kuliko masika. Kisha sabuni: sabuni ya kawaida ya kipande, iliyokwanguliwa na kuyeyushwa, kiasi cha kijiko kidogo kimoja au viwili katika lita ya maji, si sabuni ya unga ya kufulia ambayo ina chumvi kali. Paka jioni jua likishapoa, suuza asubuhi. Jaribu kwenye mmea mmoja kwanza na ungojee siku mbili, kwani mimea yenye ule unga wa buluu juu ya majani huvuliwa vazi lake na sabuni na kubaki na makovu.

Usifanye mara moja ukaridhika. Mayai yaliyo ndani ya mfuko wa pamba hayafi kwa sabuni. Yataanguliwa, na wewe sharti uwe hapo. Mara tatu, kila baada ya wiki moja, ndicho kipimo cha chini. Njia za sisimizi zikatwe kwa kufyeka majani yanayogusana na ukuta na kuyafukua makao yao karibu na shina. Vumbi la barabara lioshwe, kwa sababu huwazuia wadudu wema wasifanye kazi. Na mbolea ya samadi isizidishwe: mmea ulionona kupita kiasi huwa na majimaji matamu zaidi, na ni karamu.

Wako ambao sabuni haiwafikii. Mshubiri ukiota vinundu vya ajabu kama uvimbe, huyo si mdudu wa kuoshwa bali ni utitiri usioonekana kwa macho uliokwisha kuingia ndani ya jani. Kata sehemu hiyo mpaka penye uzima, uichome, na kisu kisafishwe. Mmea unaodhoofika bila sababu ung'olewe utazamwe mizizi. Ukiona unga mweupe kwenye udongo, ni vidung'ata wa mizizini. Osha mizizi yote, uache ukauke, upande katika udongo mwingine. Mkonge unaolegea moyo na kunuka una fukusi, yule mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu ambaye asili yake ni Amerika kama mkonge wenyewe. Mkonge ulifika Tanganyika mwaka 1893 kwa mikono ya Mjerumani Richard Hindorf, na katika vipando elfu moja vilivyosafirishwa ilisalimika 62 tu, ambayo ikawa chanzo cha mashamba yote makubwa ya Tanga na Morogoro. Fukusi naye aliipata njia yake baadaye. Mmea aliouingia haufai tena. Uchimbuliwe pamoja na kitovu chake na kuchomwa.

Katika kazi ya mnyaa lazima tuonye. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni huweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa. Anayekata vijiti vilivyoshambuliwa avae mikono mirefu, afunike macho, asijifute uso kwa mkono, na maji mengi yawe karibu. Vijiti visichomwe penye watu, kwa sababu moshi wake nao huwasha. Vizikwe.

Tumetaja wadudu wema bila kuwatambulisha. Wako mbawakawa wadogo wa mviringo, wengi wao wenye madoadoa, ambao wao na watoto wao hula vidung'ata kutwa nzima. Hapa pana hila ya maumbile: watoto wa baadhi ya mbawakawa hao wamevaa nyuzi nyeupe za nta kama vidung'ata wenyewe, na mtu mwenye haraka huwaua akidhani anaua adui. Tofauti ni mwendo. Kidung'ata hukaa, yule hukimbia, tena ni mkubwa kuliko wenzake. Mweupe anayekimbia aachwe.

Wako pia nyigu wadogo mno, na habari yao ndiyo inayouunganisha ua wa askari na shamba la jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa mihogo kutoka Amerika ya Kusini alionekana Zaire na Kongo Brazzaville, akaanza kuteketeza chakula cha mamilioni ya watu toka Senegali hadi Msumbiji. Muhogo ni wa ukoo mmoja na mnyaa, ingawa kidung'ata wake si yule wa kwenye ua wetu. Katika miaka ya 1980 alifika kwetu katika Maziwa Makuu. Hakushindwa kwa pampu. Wataalamu chini ya Hans Herren wa taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, Nijeria, walimfuata mpaka kwao Paraguay, wakamkuta nyigu mdogo kuliko sisimizi anayetaga mayai ndani ya mwili wake, wakamleta, na tangu 1981 wakamwachilia nchi baada ya nchi. Njaa iliyotabiriwa haikuja, na Herren akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Nyigu huyo angali yumo mashambani mwetu, halipwi mshahara. Lakini dawa ile ya kuua kila kitu, ikipeperushwa kutoka uani hadi kwenye mihogo ya mwananchi wa ng'ambo ya barabara, humuua yeye kwanza.

Kwa hiyo tunaomba mambo ambayo hayahitaji fedha. Wakuu wa kambi na vituo, siku ile ya ukaguzi wa usafi, na waongeze ua katika vitu vinavyokaguliwa, wakianzia maungio ya vijiti, upande wa ndani usiopigwa na mvua. Jumamosi ya kazi za pamoja, kundi moja lipewe ndoo, sabuni na brashi badala ya panga tu. Sumu isinunuliwe bila kopo lenye maandishi, na isipulizwe bila ushauri wa watumishi wa kulinda mimea. Wapo, na ISABU ipo, na kuuliza ni bure. Familia inayohamishwa ikumbushwe habari ya vipando pamoja na habari ya mizigo mingine.

Na polisi walioko Kobero, mpakani na Ngara, wao wana fungu lao. Malori yakaguliwapo, fungu la vijiti vya mihogo au mfuko wa maua yenye mizizi hupita kwa urahisi, kwa sababu hakuna anayedhani kwamba ni magendo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa mkali wa batobato wa mihogo uliingia kaskazini mwa nchi yetu, ukabebwa na nzi weupe na vipando visivyochunguzwa, na wakulima wa Muyinga wanakumbuka miaka iliyofuata. Afisa akiuona mfuko wa namna hiyo, aufungue, ageuze jani, na amwite mkaguzi wa mimea kabla lori halijaondoka.